Jeli ya maji na udongo: kwa nini inavutika bila kukatika

Kila baada ya muda hujitokeza video ileile kwa sura mpya. Mtu ameshika ukanda wa jeli unaopitisha mwanga, anaupiga fundo, anauvuta hadi unakuwa mrefu mara kumi, kisha anauachia na unajirudi. Maelezo ya chini yanasema ukanda huo ni maji, polima na udongo. Hapo watazamaji hugawanyika. Kuna wanaosema ni plastiki tu iliyopewa jina la kupendeza. Kuna wanaouliza kama udongo wa mfinyanzi wa kwao unafaa. Wengine huichanganya na zile chembe za kuhifadhi maji wanazouziwa wakulima wa maeneo makavu, na wengine wanaamini udongo umetiwa humo ili kupunguza gharama tu.

Jeli yenyewe ni ya kweli. Ilitangazwa mwaka 2002 na Wajapani wawili, Kazutoshi Haraguchi na Toru Takehisa, wa Taasisi ya Utafiti wa Kemia ya Kawamura. Tangu hapo imechunguzwa na maabara nyingi, na namna inavyofanya kazi inafahamika vizuri. Ila maelezo yanayotufikia hukosea jambo moja la msingi: huutaja udongo kama kitu kilichoongezwa kuipa jeli nguvu. Katika jeli hii udongo ndio unaoshikilia kila kitu. Ukiuondoa, hakuna jeli tena.

Tuanze na maneno. Polima ni molekuli ndefu sana iliyojengwa kwa vipande vidogo vinavyofanana, viitwavyo monoma, vilivyoungana kimoja baada ya kingine kwa maelfu. Wanga wa muhogo ni polima, mpira wa mti ni polima, nailoni pia. Haidrojeli ni polima zinazopenda maji, zilizofungwa pamoja hapa na pale ili zisiyeyuke. Maji huingia katikati yake na kukaa. Ndani ya nepi za watoto kuna haidrojeli ya sodiamu poliakrilati. Lenzi laini za machoni ni haidrojeli pia, na asili yake ni kazi ya Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Chekoslovakia, waliyoichapisha mwaka 1960.

Haidrojeli nyingi zina udhaifu mmoja. Hushika maji vizuri, lakini ukizivuta hukatika upesi. Kuelewa kwa nini, fikiria wavu wa mvuvi. Nyuzi ni minyororo ya polima, mafundo ni zile sehemu ambapo mnyororo mmoja umefungwa na mwingine, na kwenye matundu ndimo maji yalimo. Sasa fikiria wavu uliofumwa gizani na mtu mwenye haraka: tundu moja dogo, linalofuata kubwa, uzi huu mfupi, ule mrefu. Ukiuvuta wavu huo, nyuzi fupi hukaza kwanza na kubeba mzigo wote huku ndefu zikiwa bado zimelegea. Uzi mfupi ukikatika, mzigo unahamia kwa jirani yake, naye anakatika, na mpasuko unakimbia hadi ukingoni.

Hivyo ndivyo zilivyo haidrojeli za kawaida. Mafundo yake hutengenezwa na kemikali maalumu ya kuunganisha, ambayo hujipachika popote inapobahatika kukutana na mnyororo unaokua. Hakuna anayepima umbali kati ya fundo na fundo. Ukiongeza kemikali hiyo ili jeli iwe ngumu zaidi, unafupisha nyuzi, na jeli inakuwa ya kumeguka, mara nyingi na weupe ndani yake. Ukiipunguza ili nyuzi ziwe ndefu, jeli inalegea mno. Kwa miaka mingi watafiti walibanwa hapo: idadi ya mafundo na urefu wa nyuzi vilikuwa kitu kimoja, hukuweza kubadili hiki bila kuharibu kile.

Kabla ya kuendelea, kuna mchanganyiko mwingine wa mawazo unaofaa kuondolewa. Tunaposema kitu kina "nguvu" huwa tunamaanisha mambo manne tofauti. Ugumu ni kiasi gani cha nguvu kinahitajika kuanza kukibadilisha umbo. Nguvu ya kukatika ni mzigo kinaobeba kabla hakijaachia. Mvutiko ni urefu kinaofikia kabla ya kukatika. Ushupavu ni jumla ya nishati unayolazimika kuitumia hadi kikatike. Chaki ni ngumu lakini haina ushupavu, unaivunja kwa vidole viwili. Mpira wa manati si mgumu hata kidogo, na kuukata kwa kuuvuta ni kazi. Jeli ya udongo iko upande wa mpira: ukiibonyeza inabonyea, na hilo huwafanya watu waihukumu kuwa dhaifu, lakini haidrojeli ya kawaida ya polima ileile huvunjika kabla haijavutika sana, wakati ya udongo huvutika hadi karibu asilimia 1,000 ya urefu wake wa awali au zaidi. Mzigo inaobeba kabla ya kukatika hufikia mamia ya kilopaskali, na nishati ya kuikata imepimwa kuwa zaidi ya mara elfu moja ya ile ya jeli ya kawaida. Na hiki ni kitu ambacho sehemu kubwa yake ni maji.

Udongo gani huo?

Si wowote. Unaotumika zaidi ni hektoraiti, madini yaliyopewa jina la Hector, kitongoji cha jangwani huko California, Marekani. Na hata hiyo hektoraiti kwa kawaida haichimbwi. Hutengenezwa kiwandani kutokana na chumvi za magnesiamu, lithiamu, sodiamu na silika, na huuzwa kwa jina la Laponite. Chembe yake moja ni kisahani chenye kipenyo cha nanomita 25 hadi 30 na unene wa nanomita 1 hivi. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita, kwa hiyo ungehitaji visahani zaidi ya 2,000 vilivyopangwa ukingo kwa ukingo kuvuka upana wa unywele.

Hata hivyo madini haya si mageni kwetu. Hektoraiti ni ya ukoo wa smektaiti, na katika ukoo huohuo yumo montmorilonaiti, madini yanayotawala ule udongo mweusi unaonata wa Mwea na tambarare za Athi nchini Kenya, na wa mbuga nyingi za Tanzania. Aliyejenga nyumba juu yake anaujua: mvua ikinyesha unavimba, kiangazi kikija unapasuka nyufa za kuingia mkono, na kuta zinafuata. Sababu ni kwamba madini haya yamejengwa kwa tabaka nyembamba zenye chaji hasi kwenye nyuso zake. Kati ya tabaka na tabaka kuna chembe za sodiamu au kalisiamu zenye chaji chanya, na chembe hizo huyavuta maji yaingie. Maji yakiingia, tabaka hutengana. Tabia inayobomoa misingi ya nyumba ndiyo hiyohiyo watafiti waliyoitafuta, kwa sababu walihitaji udongo ambao ndani ya maji hutawanyika hadi kila kisahani kisimame peke yake.

Ukiutia unga wa Laponite kwenye maji safi na kuukoroga, mwanzoni maji hugeuka meupe kama maji ya mchele. Endelea kukoroga. Polepole weupe unafifia, na baada ya muda unabaki na chombo kinachoonekana kina maji matupu. Udongo haujayeyuka. Umetawanyika katika visahani vidogo mno kuliko mawimbi ya mwanga, ambayo ni nanomita 400 hadi 700, na kwa hiyo mwanga unapita bila kuviona. Ndiyo maana jeli ya mwisho hupitisha mwanga japo imejaa udongo. Ukiuacha mchanganyiko huo utulie, na kama udongo ni mwingi kiasi, utaukuta umeganda. Utikise, unatiririka tena. Viwanda vya rangi, dawa za meno na vipodozi hutumia Laponite kwa sababu ya tabia hiyo.

Jambo la kuzingatia ni ukubwa wa uso. Visahani vikitengana vyote, gramu moja ina nyuso zenye jumla ya mita za mraba zinazokaribia 800. Kila sehemu ya uso huo ni mahali ambapo mnyororo wa polima unaweza kushika.

Jinsi wavu unavyofumwa

Ndani ya maji yenye visahani vilivyotawanyika hutiwa monoma. Haraguchi na mwenzake walitumia iitwayo N-isopropilakrilamidi. Kisha hutiwa kianzishi, yaani kemikali ya kuamsha mmenyuko, ambayo hapa ni potasiamu pasalfeti. Kwanza hewa ya oksijeni hutolewa kwa kupitisha gesi ya naitrojeni, kwa kuwa oksijeni huua mmenyuko. Halafu mchanganyiko huachwa kwenye nyuzijoto 20 kwa saa 20. Hakuna kupika, hakuna kushindilia.

Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Kianzishi hupenda kukaa kwenye uso wa udongo, kwa hiyo minyororo huanza kuota palepale kwenye visahani badala ya kuota ovyo katikati ya maji. Mwanzoni mwa mmenyuko, chombo kilichokuwa angavu hugeuka cheupe kwa muda mfupi, kisha hung'aa tena. Watafiti wanaeleza kwamba katika kipindi hicho kila kisahani kimezungukwa na minyororo iliyoota juu yake. Minyororo ikirefuka hufika kwenye visahani jirani na kushika huko pia. Mwisho wa kazi, kisahani kimoja kimeunganishwa na majirani zake kwa makumi ya minyororo.

Turudi kwenye wavu wetu. Badala ya mafundo madogo yanayofunga nyuzi mbili mbili, sasa kuna vibao vilivyosambazwa kwa umbali unaokaribiana, na kila kibao kimefungiwa nyuzi nyingi, ndefu, zinazoelekea kwa majirani wote. Ukivuta, nyuzi nyingi hukaza kwa pamoja. Ukikatika mmoja, au ukibanduka kwenye kibao, mzigo unagawanywa kwa makumi ya nyuzi zilizobaki, na hakuna jirani mmoja anayelemewa.

Lipo jambo ambalo wavu hauwezi kulionyesha. Mnyororo haujafungwa kwenye udongo kwa fundo la kudumu. Umeshikwa kwa mivuto midogo mingi, hasa ile ya haidrojeni, ambayo kila mmoja ni dhaifu. Ukivutwa kwa nguvu, kipande cha mnyororo kinaweza kubanduka na kushika tena mahali pengine. Kila kubanduka kunakula sehemu ya nishati uliyoitia, nishati ambayo vinginevyo ingeenda kukuza mpasuko. Chukua ukanda wa jeli ya kawaida, uutie mkato mdogo kwa wembe pembeni, uvute: mkato unakimbia na ukanda unakatika vipande viwili kabla hujavuta sana. Fanya hivyo kwa ukanda wa jeli ya udongo: ncha kali ya mkato inajitanua na kuwa butu, kidonda kinakuwa duara lililo wazi, na ukanda unaendelea kurefuka.

Tabia hiyohiyo ina gharama yake, nayo video hazielezi. Ukanda uliovutwa sana kwa mara ya kwanza haurudi hasa ulivyokuwa. Hubaki mrefu kidogo, na ukiuvuta mara ya pili unahitaji nguvu pungufu kwa sababu baadhi ya minyororo imekwisha kuhama. Udongo ukiwa mwingi, kasoro hii huonekana zaidi.

Tunajuaje kwamba udongo ndio fundo?

Ni swali la haki, maana visahani hivi havionekani kwa hadubini ya kawaida. Ushahidi ulikusanywa kwa njia kadhaa. Picha za hadubini ya elektroni za jeli iliyokaushwa zilionyesha visahani vimesambaa bila kurundikana. Vipimo vya mionzi ya nyutroni vilivyofanywa na kundi la Mitsuhiro Shibayama wa Chuo Kikuu cha Tokyo vilisaidia kutofautisha udongo na polima ndani ya jeli ikiwa bado mbichi: ukibadili uwiano wa maji ya kawaida na maji mazito (yenye haidrojeni ya aina nzito), unaweza kuufanya udongo au polima "ipotee" machoni pa mionzi na kubaki na sura ya mwenzake.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni rahisi kuliko huo. Asidi ya haidrofloriki huyeyusha udongo bila kuikata minyororo ya polima. Haraguchi na wenzake walipoutoa udongo kwa asidi hiyo, kilichobaki kilikuwa polima nyoofu, zisizofungamana, zinazoyeyuka ndani ya maji, zenye uzito wa molekuli unaofikia mamilioni. Kama kungekuwa na mafundo mengine yaliyojificha, polima hizo zingebaki zimeshikana. Hayakuwapo.

Kwa hiyo wanaofikiri udongo umetiwa kama kijazio cha bei nafuu wana jibu lao. Na kuna jaribio lingine linalowajibu: ukichukua jeli ya kawaida, iliyofungwa kwa kemikali ya kuunganisha, kisha ukatawanya udongo uleule ndani yake, inabaki ya kumeguka. Ukichukua polima iliyokwisha kutengenezwa na kuichanganya na maji ya udongo, pia hupati jeli hii. Viungo ni vilevile. Kilichobadilika ni nani alishika nani, na lini.

Udongo mwingi, nguvu nyingi?

Hadi kiwango fulani, ndiyo. Ukiongeza udongo, ugumu na nguvu ya kukatika hupanda, na jambo la kushangaza ni kwamba mvutiko haushuki sana kwa kuwa minyororo bado ni mirefu. Lakini maji yenye Laponite nyingi huganda kabla hujamaliza kukoroga monoma, viputo vya hewa hunaswa, visahani hulaliana, na jeli inayotoka huwa na sehemu imara na sehemu dhaifu. Kuna pia suala la chumvi. Visahani hutengana kwa sababu chaji zao husukumana, na chumvi ikiingia husitiri chaji hizo, visahani hugandamana. Monoma zenye chaji huleta tatizo lilelile, ndiyo maana kazi ya mwanzo ilifanywa kwa monoma zisizo na chaji.

Na yule anayeuliza kuhusu udongo wa mfinyanzi wa kwao: udongo wa kufinyangia vyungu una mchanga, vipande vikubwa visivyotawanyika, chuma kinachoupa rangi, na mara nyingi aina ya madini, kaolinaiti, ambayo tabaka zake zimeshikana na hazifunguliwi na maji. Chungu kinauhitaji udongo wa namna hiyo. Jeli haiwezi kuutumia. Montmorilonaiti iliyosafishwa imetumika kwa mafanikio katika jeli nyingine, na katika miaka ya 1980 watafiti wa Toyota waliitumia kuimarisha nailoni, kazi iliyofungua njia kwa hizi za baadaye. Ila kusafisha ndiyo kazi kubwa.

Wapo waliokwenda mbali zaidi katika kupunguza sehemu ya kikaboni. Mwaka 2010 kundi la Takuzo Aida wa Chuo Kikuu cha Tokyo lilichapisha jeli yenye maji hadi asilimia 98. Udongo ulikuwa asilimia chache tu na viambata vya kikaboni chini ya nusu ya asilimia moja, navyo viliundwa kwa makusudi viwe na ncha zinazong'ang'ania uso wa udongo. Inasimama yenyewe, inafinyangwa, na vipande vyake vikigusanishwa hushikana.

Kushikana huko ndiko kunakoitwa "kujiponya", na habari hulikuza neno hili kupita kiasi. Kwa jeli za udongo zilizofungwa na minyororo mirefu, kujiponya kunawezekana: nyuso mbili zilizokatwa zikibanwa pamoja zikiwa na unyevu, ncha za minyororo zilizo huru hutafuta udongo wa upande wa pili. Inachukua muda, joto kidogo husaidia, na uso uliokauka hauponi.

Matumizi yenye mantiki zaidi kwangu yako maabara za tiba. Polima ya N-isopropilakrilamidi hubadilika tabia kwenye nyuzijoto 32 hivi: chini ya hapo hupenda maji, juu yake huyakataa. Chembehai za mwili zinazooteshwa kwenye jeli hiyo kwa nyuzijoto 37 hushika, na ukiipoza zinaachia zikiwa tandiko moja zima, bila kuzikwangua wala kuzimwagia kimeng'enya. Jeli ya kawaida haistahimili kushikwashikwa hivyo.

Sasa zile chembe za shambani. Hizo ni ndugu wa mbali. Nyingi ni poliakrilati iliyofungwa kwa kemikali ya kuunganisha, jamaa wa ile ya kwenye nepi, na baadhi huongezwa bentonaiti au udongo mwingine. Watafiti wa Lanzhou, China, wamefanya kazi nyingi juu ya mchanganyiko huo, na lengo huwa kushusha bei na kuzuia chembe zilizovimba zisipondeke chini ya uzito wa udongo wa juu. Hazivutiki mara kumi, wala hazihitaji. Mkulima anayeuziwa ana maswali yake mwenyewe ya kuuliza, na la kwanza ni maji gani yalitumika kwenye jaribio la muuzaji. Chembe inayofyonza mamia ya mara ya uzito wake kwa maji yaliyochujwa chumvi hufyonza sehemu ndogo tu ya hapo kwa maji ya kisima chenye chumvi, na kalisiamu iliyomo kwenye maji au udongo hupunguza zaidi.

Swali la mwisho linaloulizwa ni la usalama, kwa kuwa neno "udongo" huwafanya watu wadhani kitu ni cha asili na kitaoza. Udongo hauna neno. Polima ni ya kutengenezwa, na jamii hii ya polima haiozi upesi ardhini. Monoma za ukoo wa akrilamidi zinahitaji tahadhari: akrilamidi yenyewe ni sumu ya mishipa ya fahamu, wakati polima yake haina madhara hayo. Ndiyo sababu jeli yoyote ya kugusa mwili huoshwa kwa maji mengi kwa siku kadhaa ili monoma iliyobaki itoke. Katika kuoshwa huko jeli ya udongo huendelea kunywa maji na kuvimba, na ikivimba sana nguvu zake hushuka. Kwa hiyo takwimu za ukanda uliotoka tu kwenye chombo chake haziwezi kutumika kuahidi chochote kuhusu ukanda uliokaa ndani ya maji mwezi mzima, na mtengenezaji anayetaja zile za kwanza pekee anafaa kuulizwa zile za pili.